Natafuta mtoto mwaka wa pili sasa: nibadilishe nini katika maisha yangu?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 32, naishi Morogoro, nina miaka mitatu kwenye ndoa. Nilikuwa nachoma sindano za uzazi wa mpango, nikaacha mwaka mmoja na nusu uliopita, na mpaka leo sijashika mimba. Hedhi yangu inakuja kila baada ya siku 38, miezi mingine hadi 47. Nina kilo 86 na urefu wa sentimita 160. Nauza duka la jumla, nakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, nakunywa soda mbili kwa siku na usiku mara nyingi nakula chipsi mayai. Jumamosi navuta shisha kidogo na wenzangu. Kuna mama ameniuzia dawa ya kusafisha kizazi, nimeitumia mara mbili na uchafu mwingi umetoka. Mume wangu ni dereva wa lori, anapita Tunduma kwenda Lubumbashi, anakuwa nyumbani siku nane au kumi kwa mwezi. Mawifi wameanza maneno. Je, ni tabia zangu zinazonizuia, au sindano imeniharibu? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na sindano, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Sindano ya miezi mitatu haiharibu kizazi. Tatizo lake ni kwamba inachelewa kuisha mwilini: kwa kawaida mimba hupatikana takriban miezi kumi baada ya sindano ya mwisho, na wachache husubiri zaidi ya mwaka. Wewe miezi 18 imepita. Sindano haihusiki tena, na mtu akikwambia uendelee kusubiri "homoni zikae sawa", usimkubalie. Mwanamke aliye chini ya miaka 35 hutakiwa kuanza vipimo baada ya miezi 12 ya kujaribu. Aliyefikisha 35, baada ya miezi sita. Muda wako umeshafika. Kwa hiyo mabadiliko ya maisha na vipimo viende pamoja, kimoja kisisubiri kingine.

Katika yote uliyoandika, mawili yananitia wasiwasi kuliko soda: dawa ya kusafisha kizazi na urefu wa mzunguko wako.

Dawa hiyo iache leo. Kizazi hakina uchafu uliolala ndani ukisubiri kufagiliwa. Ukuta wake wa ndani hujengeka na kubomoka wenyewe, na damu ya hedhi ndiyo ukuta huo ukitoka. Vile vipande vyeupe au vya kahawia ulivyoviona ni mabaki ya dawa yenyewe, ute, na utando laini wa uke ulioungua ukabanduka. Ukiweka tena vitatoka tena, hata kwa mwanamke mwenye watoto sita, na ndiyo sababu muuzaji hukwambia dozi moja haitoshi. Uke wenye afya una bakteria walinzi wanaotengeneza asidi na kuwazuia wadudu wengine. Ukiwaondoa kwa dawa za kuchomeka, sabuni, shabu, kitunguu saumu au kwa kujiosha ndani kwa kidole, wadudu wabaya huzaliana, na wakipenya mlango wa kizazi hupanda hadi kwenye mirija. Sehemu nyembamba ya mrija haifiki milimita moja kwa ndani, na imetandazwa vinyweleo vinavyolisukuma yai kuelekea kwenye mji wa mimba. Maambukizi yakivichoma, mrija huziba, au unabaki wazi lakini hausukumi kitu. Osha nje tu, kwa maji safi. Ndani panajisafisha.

Hapo hapo nikuulize jambo ambalo hukuligusa. Je, umewahi kupata maumivu chini ya kitovu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu? Umewahi kutibiwa "UTI sugu" mara tatu nne kwa dawa za dukani? Katika nchi zetu, mirija iliyoharibiwa na maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za wanawake kukosa mimba, na klamidia, ugonjwa wa zinaa ambao ni mmoja wa waharibifu wakuu, mara nyingi haitoi dalili yoyote. Tabia inayoua mirija mingi ni ya kununua vidonge vinne vya antibayotiki, kupata nafuu siku ya pili na kuacha, huku mwenzako hajatibiwa. Ukikutwa na maambukizi ya zinaa, mtibiwe wote wawili kwa wakati mmoja, mmalize dozi, na msikutane mpaka siku saba zipite baada ya matibabu. Kila ugonjwa unaporudi, uwezekano wa mirija kuziba unaongezeka.

Sasa mzunguko, na hapa nenda taratibu kwa sababu pana hesabu.

Yai halitoki siku ya 14 kwa kila mwanamke. Hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Chukua mzunguko wako mfupi, 38, toa 14: siku ya 24. Chukua mrefu, 47, toa 14: siku ya 33. Kwa hiyo, kama yai lako linatoka, linatoka kati ya siku ya 24 na ya 33, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi hadi siku tano ndani ya ute mzuri. Siku zako za kushika mimba basi zinaangukia kati ya siku ya 19 na ya 33. Ikiwa mmekuwa mkifuata kalenda ya simu inayoonyesha siku ya 12 hadi 16, mmekuwa mkikutana wakati yai halijakomaa.

Tazama tena miezi yako 18. Mwenye mzunguko wa siku 28 hupata nafasi 19 au 20 katika muda huo. Wewe umepata kama 13, na hizo ni kama yai lilitoka kila mara, jambo ambalo kwa mizunguko mirefu hivi si la uhakika. Toa na zile ambazo mumeo alikuwa barabarani. Inawezekana nafasi za kweli mlizopata hazifiki tano. Nakwambia hili ili usijihukumu kuwa mwili wako umeshindwa mwaka na nusu mzima.

Fanyeni hivi. Andika tarehe ya kwanza ya kila hedhi. Kuanzia siku ya 18 angalia ute kila unapokwenda chooni. Ute mzito au mkavu hauna maana kubwa, lakini ukiwa mwepesi, wa kuteleza, unaovutika kati ya vidole viwili kama ute mweupe wa yai la kuku, yai liko karibu. Mkutane kila baada ya siku mbili kwa muda wote huo, na kila siku ute ukiwa hivyo ikiwa mnaweza. Mumeo akiweza kuzungumza na ofisi yake kuhusu zamu, aombe kuwa nyumbani wiki hiyo. Siku nane zilizopangwa vizuri zinatosha. Wala asijizuie kwa makusudi ili "kukusanya mbegu": zilizokaa zaidi ya wiki huwa nyingi lakini nyingi ya hizo ni dhaifu. Akirudi safari ya wiki tatu, msitegemee siku ya kwanza pekee.

Vijiti vya mkojo vya kupima LH, homoni inayopanda yai likikaribia kutoka, vinasaidia wanawake wengi, ila kwa mtu mwenye dalili kama zako vinaweza kuonyesha mistari miwili hata kama yai halitoki. Visikutawale. Baadhi ya mafuta ya kupikia, losheni na hata mate hupunguza mwendo wa mbegu, kwa hiyo msivitumie kulainisha. Kuinua miguu ukutani hakuongezi kitu. Kama unameza diklofenaki au ibuprofeni mara kwa mara kwa ajili ya mgongo, jua kwamba zikitumiwa mfululizo katikati ya mzunguko zinaweza kuzuia kifuko kupasuka na kuachia yai. Parasetamoli ni salama zaidi kwa siku hizo.

Kwa nini mzunguko wako ni mrefu? Hapo ndipo uzito, soda na kiti cha dukani vinapoingia. Kilo 86 kwa sentimita 160 ni BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 33.6, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Mafuta mengi ya tumboni huufanya mwili uwe mgumu kuisikia insulini, homoni inayodhibiti sukari, kongosho linaongeza insulini zaidi, na insulini hiyo ikizidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kuliko kiasi. Vifuko vya mayai huanza kukua, kisha vinasimama njiani bila kimoja kukomaa. Angalia shingo na makwapa: je, ngozi imekuwa nyeusi na nene kama mahameli? Kuna ndevu kidevuni, chunusi zisizoisha? Hizo pamoja na mzunguko mrefu huashiria hali iitwayo PCOS, ambayo inakadiriwa kumpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Lakini tezi ya shingo ikilegea, au homoni ya maziwa ikipanda, mzunguko huwa mrefu vilevile, kwa hiyo usijipachike jina la ugonjwa kabla ya kipimo cha damu.

Habari njema ni kwamba ovari hazidai uwe mwembamba. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito, kwako kilo 4 hadi 9, mara nyingi kunatosha kuurudisha mzunguko. Lenga nusu kilo kwa wiki, na mwezi wa tatu uwe umefika hapo. Usijinyime kwa pupa. Anayeshinda na maji ya limao tu, au anayepungua kilo kumi kwa mwezi mmoja, anaweza kuzima kabisa utoaji wa yai, kwa sababu ubongo unasoma njaa na kuahirisha uzazi. Ndiyo maana wanawake wembamba mno, wenye BMI chini ya 18.5, nao hukosa hedhi. Chai za kupunguza tumbo ziache dukani: nyingi zinaharisha tu, na unachopoteza ni maji na chumvi.

Anza na soda kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo kubwa. Chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai. Mbili ni vijiko 18, karibu kilokalori 300 kila siku, na hujashiba. Juisi ya boksi si mbadala. Kunywa maji, ukikosa kabisa kuvumilia, soda moja Jumapili baada ya chakula. Kisha mafuta: kijiko kimoja kikubwa kina kama kilokalori 120, na chipsi mayai ya kibandani inabeba vijiko vingi. Nyumbani mimina mafuta kwa kijiko, usimimine kwa macho. Sahani yako ya jioni, nusu iwe mboga za majani, mchicha, matembele au kisamvu kisichojaa nazi. Robo iwe maharage, choroko, dagaa, samaki au mayai. Robo iliyobaki ugali au wali, tonge kubwa kama ngumi yako. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa sukari yake inaingia kwenye damu taratibu. Kula kabla ya saa mbili usiku, na asubuhi kula kitu chenye protini, si chai ya maziwa na maandazi matatu.

Kutembea: dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukishuka daladala vituo viwili kabla ya kufika, umeshapata nusu yake. Dukani, simama na uzunguke kila baada ya saa moja. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa haisikiki vizuri, kwa hiyo faida kwa ovari huanza hata kabla mizani haijasogea. Wanawake wengi hukata tamaa hapo: wiki ya tatu mizani haijabadilika, wanaacha. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani pia. Lala saa saba au nane.

Shisha hakuna "kidogo". Kikao kimoja cha saa nzima hukuingizia moshi mwingi mara nyingi zaidi ya ule wa sigara moja, pamoja na hewa ya kaboni monoksidi kutoka kwenye makaa. Maji ya chini hayauchuji. Tumbaku inamaliza akiba ya mayai mapema, na wanaovuta hukoma hedhi mwaka mmoja hadi minne kabla ya wenzao. Inapooza pia vile vinyweleo vya mirija, ndiyo maana mimba za nje ya kizazi ni nyingi zaidi kwa wavutaji. Jumamosi kaa na wenzako, lakini si mezani penye bomba, kwa sababu moshi wao nao unaingia kwako. Pombe ni bora kuiacha kabisa unapotafuta mtoto. Chai na kahawa si adui: vikombe viwili kwa siku ni sawa, ila hesabu na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Kuna kidonge kimoja ambacho ningependa uanze wiki hii: foliki asidi. Hakikufanyi ushike mimba. Kinamkinga mtoto na mgongo wazi, na mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutungwa. Wewe ambaye siku 45 bila hedhi ni jambo la kawaida, utakapogundua una mimba mfereji utakuwa umeshafunga au umeshashindwa kufunga. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi wiki ya 12 ya mimba. Kwa BMI ya zaidi ya 30, au mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa, madaktari wengi huandika miligramu 5. Ulizia kliniki upewe kinachokufaa, na upimwe sukari, presha na wingi wa damu. Kama unatafuna udongo wa Pemba, sema bila haya: mara nyingi ni dalili kuwa madini ya chuma yamepungua.

Sasa baba wa nyumba. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Mawifi hawaambiwi hilo, kwa hiyo waambiwe na kaka yao. Korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na nyuzijoto 2 hadi 4 chini ya mwili, na dereva amekalia joto la kiti na injini saa nyingi. Asimame kila baada ya saa mbili, avae nguo isiyobana, aache sigara, na mirungi ya kukesha nayo iachwe: inamnyima usingizi na ni kosa kisheria hapa Tanzania. Kama anachoma homoni za kujenga misuli, hizo huzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, basi anachobadilisha leo kitaonekana baada ya miezi mitatu.

Kipimo chake cha mbegu ndicho kiwe cha kwanza, kwa kuwa ni rahisi na hakiumizi. Ajizuie siku mbili hadi saba, sampuli yote iingie kwenye kopo la maabara, na ifike ndani ya saa moja ikiwa imefichwa kwenye joto la mwili, si kwenye mfuko wa baridi. Kondomu ya kawaida isitumike kuchukulia, maana ina dawa au ulainisho unaoua mbegu. Majibu mabaya ya mara moja yarudiwe baada ya miezi mitatu. Homa ya malaria tu inaweza kuyaharibu.

Wewe anza na kipimo cha mimba, kwa sababu ya mzunguko wako. Kisha TSH (ya tezi ya shingo), prolaktini (homoni ya maziwa) na altrasaundi. Kipimo cha projesteroni, kinachothibitisha kuwa yai limetoka, mara nyingi hukosewa: watu hupelekwa siku ya 21 bila kuulizwa mzunguko. Ukipimwa siku hiyo utaambiwa yai halitoki hata kama lingetoka wiki inayofuata. Hutakiwa siku saba kabla ya hedhi, basi pima siku ya 31, na hedhi isipokuja rudia baada ya wiki. Picha ya mirija, HSG, hupigwa damu ikishakatika na kabla yai halijatoka, bila kukutana na mume tangu hedhi ianze, na kama kuna maambukizi yatibiwe kwanza, kwa sababu dawa ya picha inaweza kuyasukuma juu.

Usinunue mwenyewe klomifeni, dawa ya kuchochea mayai, kwa kuwa jirani alipata mapacha nayo. Mrija ukiwa umeziba, au mbegu hazipo, unachochea ovari bure na kujitafutia uvimbe wa vifuko. Kama ni PCOS, daktari ana dawa za letrozoli na metformini za kuchagua, kwa kipimo na kwa kukufuatilia.

Kuanzia sasa, hedhi ikifika siku ya 48 bila kuja, pima mimba. Ikiwa ipo, nenda kliniki wiki hiyo hiyo ukapigwe altrasaundi kuona imekaa ndani ya kizazi au nje yake, usisubiri mwezi wa tatu. Na ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, damu kidogo ukeni, kizunguzungu au maumivu yanayochoma begani, usinywe dawa ya maumivu na kulala. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na sema ukifika tu kwamba ulikuwa unatafuta mtoto.